Aliyesimama Mbele ya Gari

Miaka haibishi hodi. Huingia nyumbani mwa mtu kama vumbi lipitalo chini ya mlango, na mwenye nyumba hatambui mpaka siku apitishapo kidole juu ya kabati akaona wingi wa iliyokwisha kulala humo. Ndivyo ilivyomwingia fundi wa magari ambaye nataka kumhifadhi katika maneno haya kabla kumbukumbu yake haijafifia. Alianza kazi akiwa kijana mwembamba wa shingo ndefu, siku ambazo kioo cha dirisha la gari kiliteremshwa kwa kuzungusha mkono. Alipoota mvi, magari yalikuwa yakiwashwa kwa kubonyeza kitufe, na mengine yalizungumza na wenyewe kwa sauti ya kike yenye adabu. Kati ya mwanzo ule na mwisho huu karakana ilipita katika mikono ya mabwana mbalimbali, bango la mlangoni likapakwa rangi tena na tena, vijana wakaja, wakaoa, wakahama. Yeye alibaki palepale, baina ya jeki na meza ya vifaa, kama jiwe la figa ambalo hakuna aliyewaza kulihamisha.

Walimwita Taratibu. Jina alilopewa na wazazi lilikuwapo, lakini karakanani halikuwa na kazi. Mteja akimhimiza, jibu lake lilikuwa moja: "Taratibu, mama. Gari halina mbawa." Wenzake wakamgeuzia neno hilo kuwa jina na utani kwa pamoja.

"Taratibu, hilo gari litaota mvi likiwa jekini!"

"Liote," husema bila kuinua kichwa. "Mvi haziui. Breki ndizo ziuazo."

Alikuwa na mke mwenye ulimi mwepesi na moyo mpana, na binti mmoja tu, waliyempata walipokwisha kukata tamaa ya mtoto. Binti huyo alikulia karakanani. Akitoka shule alikwenda kumngojea baba yake, na kwa kuwa alipenda kujificha chini ya magari, mafundi walimbandika jina la Kumi: spana namba kumi, ile ambayo kila fundi huinunua na kila fundi huipoteza, na siku nzima utasikia watu wakiuliza, "Nani kaiona kumi?" Jina lilimkaa hata ukubwani. Alipomaliza masomo ya ufundi na kuajiriwa papo hapo, baba yake alimkabidhi ovaroli mpya na kumwambia mbele ya wote, "Sasa humu ndani mimi si baba yako mpaka saa ya kutoka." Kabla ya saa sita mchana alikuwa amekwisha kumwita "mwanangu" mara kadhaa, na watu wakamcheka hadi akacheka mwenyewe.

Sharti nieleze sasa desturi ya karakana ile, maana bila hiyo habari hii haina mguu wa kusimamia. Uani, nyuma ya banda la kazi, palikuwa na mteremko wa zege ulioshuka hadi kwenye ukuta wa ghala la matairi. Zamani, wakati Taratibu angali mwanafunzi, mama mmoja alikuja kuchukua gari lake lililotengenezwa breki, naye alikataa kuamini kwamba limepona. Bwana mwenye karakana, mtu mnene na mcheshi aliyekuwa mwalimu wa Taratibu, hakubishana naye. Aliagiza gari lipandishwe juu ya mteremko, likafungwa breki, dereva akashuka. Kisha akateremka yeye, akasimama mbele ya bampa, akakunja mikono kifuani.

"Haya, mama. Likinikanyaga, wanangu utawalea wewe."

Mama yule alicheka, akapanda gari lake akaenda. Tangu siku hiyo ikawa ni ada: kila gari lililotengenezwa breki au gia lilipandishwa pale, na bwana mnene akasimama mbele yake. Dereva hakuruhusiwa kubaki ndani. Mlango ulifungwa, ili pasiwepo mtu wa kulisaidia gari kwa mguu wake. Bwana mnene alipofariki, Taratibu alirithi mahali pale pa kusimama kama mtu arithivyo mimbari.

Baadaye karakana ilichukuliwa na kampuni iliyouza magari ya kifahari. Sakafu ikapakwa rangi ya kijivu, na ukutani pakabandikwa kanuni, mojawapo ikikataza mtu kusimama mbele au nyuma ya gari lililo mteremkoni. Msimamizi mpya, mtu mwema mwenye kupenda amani, alimwita Taratibu pembeni.

"Mzee wangu, lile jambo lako la kusimama. Kanuni haziruhusu."

"Najua, bwana msimamizi. Lakini yule mtu anakwenda kupakia watoto wake humo ndani. Ikiwa mimi niliyelitengeneza naogopa kusimama nje yake, nitamwambiaje yeye apande?"

Wateja nao waliipenda ada ile, wengine walikuja na jamaa zao kuitazama. Basi siku za majaribio msimamizi akawa na mazoea ya kukumbuka kazi fulani ofisini.

Nimeifikiri sana hoja ile ya Taratibu. Ni hoja nzuri, na uzuri wake ndio uliokuwa hatari. Kumtegemea Mola hakumwondolei mja wajibu wa kukomea mlango, na uaminifu wa mtu ni nuru kwa wenzake, wala si ngao ya chuma. Lakini nani miongoni mwetu angemkataza? Tulimpenda kwa jambo lilelile lililokuja kumvunja.

Katika miaka yake ya mwisho kazini, ulitoka wito wa kurejesha magari. Watengenezaji walikuwa wamegundua kasoro katika gari lao moja dogo la kifahari, la mtindo wa jipi, lenye viti vya ngozi na paa la kioo, ambalo mafundi walikuwa wakiliita Kibibi, kwa kuwa lilikuwa dogo la umbo lakini lilitaka kushikwa kwa adabu. Kasoro yenyewe ilikuwa kitu cha kuchekesha kwa udogo. Mahali ambapo kebo ya gia hukutana na giaboksi, paliwekwa bushi, yaani kipete cha plastiki chenye ukubwa wa kifungo cha koti. Joto la injini lilikausha plastiki ile ikapasuka, na kebo ikachomoka. Dereva aliweka gia ya kuegesha, taa mbele yake ikamthibitishia kuwa gari limefungwa, akashuka na mkoba wake. Kumbe huko chini giaboksi haikupata habari. Amri ilitolewa, haikufika. Gari likiwa penye mteremko, lilikwenda zake peke yake.

Basi wenye magari hayo waliitwa wayalete, wabadilishiwe bushi bila malipo. Kazi ile alipewa Kumi, maana mkono wake ulikuwa mwembamba na uliweza kupita kati ya betri na mabomba pasipo kufungua vitu vingi. Baba yake alimfundisha yeye mwenyewe. Alishika bushi mpya kwa ncha za vidole, akaipachika kwenye mkono wa giaboksi, akasukuma kwa dole gumba mpaka ikatoa sauti: ta!

"Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Hiyo ndiyo inayosema imekaa. Isipolia, haijakaa. Jicho litakudanganya, kwa sababu huko ndani ni giza. Kidole kitakudanganya, kwa sababu kimechoka. Ngojea ilie."

Kumi alibadilisha bushi za magari mengi ya aina ile, na mbele ya kila moja baba yake alisimama mteremkoni, mikono kifuani. Watu walisema haijaonekana jozi kama ile. Mkewe Taratibu aliposikia sifa hizo alibenua midomo: "Jozi gani? Mmoja hutengeneza, mwingine husimama kama mnara wa saa. Na kufua ovaroli mbili nafua mimi."

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Mwenye gari alikuwa daktari wa meno, mwanamke wa makamo mwenye haraka, aliyefika asubuhi na kutaka kuondoka asubuhi hiyohiyo. Kompresa ilikuwa ikinguruma, kwa sababu fundi wa rangi alikuwa akipuliza mlango wa gari jingine. Huyu fundi wa rangi alikuwa na mazoea ya kumtania Kumi kila alipomwona ameinama.

"Kumi! Umeingiza kichwa chote humo, utatoka na giaboksi mdomoni."

"Nikitoka nayo nitakupiga nayo."

"Mumeo mtarajiwa ataniokoa. Lini arusi?"

"Siku utakapopaka rangi bila kuacha michirizi!"

Watu walicheka. Daktari hakucheka. "Jamani, harakisheni. Nina mgonjwa nimemwacha kinywa wazi."

"Akifunge tu, daktari," alisema Taratibu kutoka mlangoni pa ghala. "Taratibu. Jino halina mbawa."

Kumi aliutoa mkono wake, akaufuta kwa kitambaa. "Tayari, baba."

Akalipandisha gari mteremkoni. Akaweka gia ya kuegesha, akaachia breki, akashuka, akafunga mlango kama ada ilivyotaka. Gari lilitulia. Taratibu alikwenda akasimama mbele yake, mgongo kwa ukuta wa ghala, akakunja mikono. Daktari alisimama kando akiwa na saa yake, na Taratibu akaona vema amburudishe kidogo.

"Daktari, siku nitakayokuja kwako kung'olewa gego, nawe usimame mbele yangu hivi hivi nisipate hofu..."

Hakumaliza. Gari lilikuja kimya, bila muungurumo wala onyo, kama paka ashukavyo kitandani. Waliokuwapo wanasema hakupiga kelele. Kelele zilikuwa za Kumi. Aliruka, akaweka bega lake kwenye bampa akasukuma, binti mmoja dhidi ya gari zima, mpaka wanaume walipofika wakalirudisha nyuma. Baba yake alikuwa ameketi chini ya ukuta. Miguu yake haikuwa na umbo la miguu. Alimtazama binti yake, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Liwekee jiwe, mwanangu, lisije likamgonga mtu mwingine."

Hospitalini walimkata mguu mmoja. Wa pili waliuacha, lakini haukumtii tena.

Watu wa kampuni walikuja kulichunguza gari. Waliikuta bushi imechomoka mahali pake na ina ufa, na mkubwa wao akasema kwamba yamkini haikupachikwa sawasawa, ndiyo sababu ikapasuka. Hakulisema kwa ubaya. Alipogeuka kumuuliza Kumi, Kumi alikuwa amekwisha kujibu.

"Sikusikia ikilia."

"Haikulia?"

"Sijui. Kompresa ilikuwa inanguruma, nami nilikuwa nikijibu utani. Sikumbuki kuisikia."

Alivua ovaroli, akaikunja, akaiweka juu ya meza ya vifaa, akaenda zake nyumbani. Hakuna aliyemfukuza.

Hapo ndipo ulipoanza mwaka mzito wa nyumba ile. Taratibu alilazwa chumba cha mbele, kitanda kikasogezwa dirishani apate kuona barabara. Nguvu alizobakiwa nazo aliziweka katika jambo moja: kumrudisha binti yake kazini. Mguu wake ulimwuma, kidonda kilikataa kufunga, lakini lililomnyima raha lilikuwa mikono ile myembamba iliyokaa bure. Kumi alipata kazi ya kuuza dukani, duka la vitambaa. Hakugusa tena chuma. Mfereji wa jikoni ulipoanza kudondosha maji, mama yake alimwambia aukaze, naye akaenda kumwita fundi bomba.

"Fundi wa nini?" mama yake alimaka. "Nyumba yenye mafundi wawili inaita wa tatu aje kukaza mfereji! Majirani watatucheka mpaka meno yaanguke."

"Waache wacheke, mama."

Baba yake alisikia yote kitandani. Jioni, Kumi alipomletea dawa, alimshika mkono.

"Keti, mwanangu. Kosa ni langu. Kanuni iliandikwa ukutani, nami nikasimama pasipo pa kusimama."

"Ulisimama kwa sababu uliniamini, baba."

Baba yake alilitafakari neno hilo siku kadhaa, kisha akaja na jingine.

"Kumi, nataka kukuambia kitu. Siku ile niliisikia ikilia."

Binti alimtazama. "Bushi?"

"Bushi. Ta! Niliisikia kwa masikio yangu."

"Ulikuwa mlangoni pa ghala, baba. Na kompresa inawaka."

"Masikio ya fundi si sawa na masikio ya watu. Ililia. Ulifanya kazi yako kama nilivyokufundisha."

Kumi hakumpinga. Na kwa siku chache zilizofuata uso wake ulikuwa na kitu kama alfajiri. Mama yake anasema alimsikia akiimba kwa sauti ya chini alipokuwa akifua. Lakini asubuhi moja alikuwa akipeleka chai chumba cha mbele, na kabla hajausukuma mlango alimsikia mama yake ndani akiuliza.

"Baba Kumi, niambie kweli. Uliisikia?"

Alimsikia baba yake akijigeuza kitandani.

"Nilimsikia mwanangu akisema, 'Tayari, baba.' Sikuhitaji sauti nyingine."

Kumi alirudi jikoni na kikombe chake. Hakumwambia baba yake kwamba amesikia, wala hakuimba tena. Akawa anaketi naye kila siku baada ya kazi, akimsomea habari za magazeti na kumgeuza ubavu, na wote wawili wakijua lile ambalo mmoja wao alidhani halijulikani. Wenye elimu wana maneno mengi juu ya uongo na ukweli, nami nimeyasoma mengi ya hayo. Sijui ni wapi nitauweka uongo wa mzazi yule. Namwachia Yeye ajuaye yaliyomo vifuani.

Kidonda kilimshinda. Damu yake iliharibika, na alidhoofika siku baada ya siku, kama taa inayopungua mafuta. Siku ya mwisho ilikuwa asubuhi yenye mwanga. Alimwomba Kumi ampe mikono yake, akaiweka usoni pake, akainusa.

"Inanuka sabuni," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Ni harufu nzuri." Akaishikilia kwa muda. "Lakini si yako."

Alifariki kabla ya adhuhuri. Mafundi wote wa karakana walikuja kumzika, wakiwa wamevaa nguo safi ambazo hakuna aliyezoea kuziona juu yao, na msimamizi alilia mbele za watu bila haya.

Majuma yalipita. Kisha siku moja msimamizi alibisha hodi. Mjane alimkaribisha, akamletea kiti, lakini hakuketi.

"Shemeji, nimekuja kwa habari. Ni ya Kumi zaidi, lakini nawe isikie." Alimgeukia binti aliyekuwa amesimama mlangoni pa jikoni. "Umetoka wito mwingine. Kwa gari lilelile. Zile bushi tulizoletewa kubadilisha, zenyewe ni mbovu. Plastiki yake haikuchanganywa vizuri. Unaipachika, inakaa, baadaye inapasuka tu. Kuna magari mengine yameteremka, mbali huko, yaliyotengenezwa na mafundi wasiokujua wala usiowajua."

Mjane alijifunika uso kwa kanga yake. "Ewe Mola. Na yeye keshakwenda."

"Mwanangu," msimamizi alisema, "huenda haukuwa mkono wako. Nimekuja mbio nikuambie. Huenda haukuwa wewe."

Alitazamia machozi, au shukrani. Uso wa Kumi ukabadilika kwa namna ambayo msimamizi hakuitazamia.

"Yale mengine yako wapi?"

"Yapi?"

"Niliyoyawekea bushi zile. Yote yale. Watu wanayaegesha milimani. Wanapeleka watoto shule." Sauti yake ilipanda. "Baba alisimama mbele ya kila moja, wakaondoka wakiamini! Yako wapi?"

"Tunawaita mmoja mmoja. Tuna mafundi wengine, si lazima wewe..."

"Mkono wa nani unapita pale bila kufungua betri?"

Mjane aliondoa kanga usoni, akamtazama binti yake kwa muda mrefu, kama mtu amtazamaye msafiri kituoni.

"Nenda," alisema. "Lakini kwa haki ya maziwa niliyokunyonyesha, usisimame mbele ya kitu chochote chenye magurudumu."

Kumi alirudi kazini kesho yake. Nimesikia watu wakisimulia kana kwamba alirudi kwa furaha, ameondolewa mzigo. Sivyo. Alirudi kama mtu azimaye moto ambao hajui ni nani aliyeuwasha. Bushi mpya za mara hii zilikuwa na pete ya chuma ndani. Alizipachika moja baada ya nyingine, aliwakataza watu kusema naye akiwa ameinama, na fundi wa rangi alizima kompresa yake bila kuambiwa kila alipomwona anachukua bushi. Kijana yule mcheshi hajatania mtu karakanani tangu siku ile ya msiba. Magari yalijaribiwa mteremkoni yakiwa yamewekewa magogo mbele ya matairi, na ukuta wa ghala hausimamiwi na mtu.

Gari moja halikuletwa. Daktari wa meno hakutaka kuliendesha tena, wala hakuliuza. Kumi alimfuata nyumbani kwake. Alilikuta limeegeshwa mahali tambarare, vumbi limefunika paa lake la kioo, na kila tairi limezingirwa kwa mawe.

"Ningemuuzia nani?" daktari alimwambia. "Kila niliyemfikiria alikuwa ni mtu wa mtu."

"Nimekuja kulitengeneza, mama."

"Litengeneze. Kisha sijui nitalifanya nini."

Kumi alifungua boneti, akaingiza mkono. Kitongoji kile kilikuwa kimya. Hapakuwa na mashine, hapakuwa na wa kutania. Alipachika bushi, akasukuma kwa dole gumba. Ta! Sauti ilikuwa kavu na ndogo, lakini ilisikika hadi alipokuwa daktari.

Aliubakiza mkono wake mle ndani.

"Daktari, umesikia?"

"Nimesikia."

"Siku ile ulikuwa karibu yangu. Karibu kuliko baba." Alivuta pumzi. "Siku ile ililia?"

Mwanamke yule alikuwa mtu wa kweli, na naamini angetoa kitu kikubwa apate kusema ndiyo. Alikuja akasimama ubavuni pake, akamwekea mkono mgongoni.

"Siku ile, mwanangu, nilikuwa natazama saa."

Walikaa hivyo kwa muda, mmoja ameinama na mwingine ameinamia aliyeinama. Kisha Kumi aliutoa mkono, akafunga boneti taratibu, akaaga.

Bado anafanya kazi palepale. Hakuna wito wowote wa watengenezaji utakaoweza kumwambia lile alitakalo kulijua, maana bushi iliyokaa ingepasuka, na isiyokaa pia ingepasuka, na aliyedai kuisikia hakuisikia. Amejifunza kuishi na swali hilo kama mtu aishivyo na jirani mgumu: hawapendani, lakini wamezoeana.

Ewe Mola Mwenye rehema, Wewe ambaye amri yako haikomei njiani, mpokee mja wako aliyewasimamia wengine kwa mwili wake. Mpe mahali pa kusimama pasipo na mteremko wala hofu. Mfariji mjane wake katika chumba cha mbele, na umjalie usingizi. Mwangalie bintiye, umwondolee hukumu anayojihukumu pale ambapo Wewe hukumhukumu, na ubariki mikono yake na kila asafiriye kwa kuiamini, pamoja na watoto wao na wana wa watoto wao. Amina.